KIVULI KISICHOHAMA KIFUANI

Si kila kikohozi cha miaka mingi ni kifua kikuu. Wako watu wazima waliozaliwa na kasoro katika mapafu yao bila kujua, na kipimo cha CT skani huweza kuifichua.

Ndugu msomaji, habari ikifika kutoka nyumbani kwamba ndugu yako anakohoa damu, neno la kwanza linalokujia moyoni ni kifua kikuu. Ni haki yako kuwaza hivyo. Nchini mwetu ugonjwa huo ungali mwingi, na mtu yeyote anayekohoa kwa muda wa wiki mbili au zaidi hana budi kupimwa makohozi kabla ya kufikiriwa jambo lingine. Lakini wako watu wachache ambao makohozi yao hupimwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, vijidudu visionekane. Hupewa dawa wakapata nafuu, kisha baada ya miezi michache homa na kikohozi vikarudi palepale. Makala haya yanawahusu watu hao, pamoja na wewe uliye mjini, ambaye aghalabu ndiye unayetumiwa salamu za kuomba nauli na fedha za matibabu.

MFANO WA MKULIMA WA JORODOM

Tuchukue mfano, ambao si habari za mtu fulani bali umetungwa ili kufafanua jambo. Mkulima mwenye umri wa miaka 34 anaishi Jorodom, katika nchi ile ya Mbulu na Hanang yenye upepo wa baridi. Analima mahindi na mbaazi na kufuga ng'ombe wachache. Tangu ujana wake amekuwa akishikwa na kichomi karibu kila mwaka, na kila mara maumivu huwa upande wa kushoto, chini, kuelekea mgongoni. Zahanati humpa dawa naye hupona.

Mwaka mmoja akakohoa damu. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ya eksirei ikaonyesha kivuli upande ule ule wa kushoto. Kwa kudhaniwa kuwa ana kifua kikuu akaanzishiwa dawa, akazimeza kwa muda wa miezi 6 bila kukosa hata siku moja. Picha ilipopigwa tena, kivuli kilikuwa pale pale.

Sasa tazama hali ya nyumba yake. Kikombe chake kimetengwa. Watoto wanakatazwa kulala karibu naye. Shangazi anashikilia kwamba amerogwa, na baba mkwe anauliza maswali ambayo hakuyauliza siku ya mahari. Ng'ombe wawili wamekwisha kuuzwa. Mgonjwa mwenyewe ameanza kuamini kwamba dawa za hospitali hazimfai, na kwamba itakuwa afadhali akae nyumbani angoje siku yake. Na huenda kivuli kinachoivuruga nyumba hiyo kilikuwamo kifuani mwake siku aliyozaliwa.

PAFU LINAVYOUMBWA

Mapafu ya binadamu huanza kuumbika mtoto akiwa tumboni, mimba ikiwa na umri wa wiki nne hivi. Huanza kama chipukizi dogo litokalo katika mrija uleule unaokuwa njia ya chakula. Chipukizi hilo hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, mithili ya mti, mpaka kufikia vifuko vidogo sana vya hewa ambavyo kwa mtu mzima huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Pafu la kulia hupata sehemu tatu na la kushoto sehemu mbili. Sambamba na matawi ya hewa, huota matawi ya mishipa ya damu.

Katika kazi kubwa namna hiyo, mara chache jambo huenda kombo. Tawi moja huweza kuziba. Kipande cha pafu huweza kuota peke yake bila kuungana na njia ya hewa. Mishipa huweza kuunganika pasipostahili. Pafu zima huweza kudumaa. Kosa halimo kwa mama wala kwa baba, na wala halitokani na mkosi wa ukoo.

Mtoto aliyezaliwa na kasoro kubwa huonekana mapema, kwa kuwa hupumua kwa shida tangu siku za kwanza. Lakini kasoro ndogo hunyamaza. Mtoto hukua, hucheza, huchunga mbuzi, huoa au kuolewa. Siku hizi, mahali ambapo kila mama mjamzito hupimwa kwa ultrasaundi, nyingi za kasoro hizi huonekana mtoto angali tumboni. Watu wazima wa leo waliozaliwa vijijini miaka 30 au 50 iliyopita hawakupata bahati hiyo. Ndiyo maana wengine hugunduliwa ukubwani, ama kwa sababu ya kichomi cha mara kwa mara, ama kwa kukohoa damu, ama kwa bahati tu wanapopigwa picha kwa ajili ya jambo lingine kama ajali au kupimwa afya ya kuingia kazini.

KWA NINI EKSIREI HAITOSHI

Eksirei, ambayo miale yake iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, imeokoa watu wengi na bado ndiyo picha ya kwanza ya kifua. Ni rahisi, ni ya haraka, na mionzi yake ni kidogo. Upungufu wake ni kwamba hulaza kila kitu juu ya karatasi moja. Mbavu, moyo, mishipa, mapafu na mgongo vyote huonekana vimepandana, kama nguo zilizoanikwa juu ya kamba moja nawe ukazitazama kwa mbele. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto, iliyoko nyuma ya moyo, ndiyo hasa hufichika. Na hapo ndipo mojawapo ya kasoro hizi hupenda kukaa.

Kipimo cha CT, ambacho watu wengi hukiita siti skani, hufanya kazi kwa njia nyingine. Mgonjwa hulala juu ya kitanda kinachopita katikati ya duara kubwa. Ndani ya duara hilo chanzo cha miale huzunguka mwili, na vipokezi vya upande wa pili hupima ni miale kiasi gani imepenya kutoka kila pembe. Kompyuta hukusanya hesabu hizo na kuchora mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa, kila kipande kikiwa na unene wa milimita moja au karibu na hapo. Daktari huweza kuvitazama vipande hivyo kimoja kimoja, au kuviunganisha upya na kukitazama kifua kwa mbele, kwa ubavuni, au kwa juu.

Waliopata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, mwaka 1979, ni wawili. Mmoja ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza. Wa pili ni Allan Cormack, mwana wa Afrika, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuifikiria hesabu ya jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba, 1971. Picha hiyo ilikuwa ya kichwa. Kifua kilibidi kingoje, maana mashine ya mwanzo ilihitaji dakika kadhaa kwa kila picha, na hakuna binadamu awezaye kuzuia pumzi kwa muda huo. Mashine za leo humaliza kifua kizima katika muda wa kuvuta pumzi moja na kuishikilia.

Kwa heshima ya Hounsfield, kipimo cha uzito wa rangi katika picha hizo hubeba jina lake. Maji huhesabiwa kuwa 0, na hewa kuwa 1,000 chini ya sifuri. Kwa njia hii daktari hakisii tu kwamba hapa ni peupe na pale ni peusi, bali husoma tarakimu na kujua kama kifuko kilichomo kifuani kina hewa, maji, mafuta au nyama.

YANAYOWEZA KUONEKANA

Tuzitaje kasoro chache ili usishangae utakapoyasikia maelezo ya daktari.

Ya kwanza ni kipande cha pafu kilichojitenga. Kipande hiki hakikuungana ipasavyo na njia ya hewa, na damu yake haitoki katika mishipa ya mapafu, bali katika mshipa mkuu utokao moyoni kwenda mwilini. Aghalabu hukaa chini, upande wa kushoto. Uchafu ukiingia humo hauna njia nzuri ya kutoka, na hiyo ndiyo sababu kichomi hurudi mahali palepale. CT iliyopigwa pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa huuonyesha mshipa huo wa ajabu. Kuujua mapema ni jambo la kufa na kupona: mpasuaji asiyejua kwamba upo anaweza kuukata, na damu ikamwagika kwa nguvu nyingi.

Ya pili ni vifuko vya hewa au maji vilivyoota ndani ya pafu, kimoja kikubwa au vingi vidogo mithili ya sega la nyuki. Huweza kuambukizwa na kujaa usaha, na mara chache seli zake hugeuka kuwa saratani.

Ya tatu ni kifuko kilichobaki karibu na bomba kuu la hewa, katikati ya kifua. Kikikua huweza kuikandamiza njia ya hewa au njia ya chakula.

Ya nne ni tawi la hewa lililoziba tangu tumboni. CT huonyesha ute uliojikusanya kama kidole ndani ya tawi hilo, na sehemu ya pafu inayolizunguka imejaa hewa kupita kiasi. Wengi wenye kasoro hii hawaumwi kamwe na hawahitaji kupasuliwa.

Ya tano ni pafu lililodumaa au lisilokuwapo kabisa. Katika eksirei upande mmoja huonekana mweupe na moyo umevutwa huko, hata mtu akadhani kwamba pafu limeliwa na kifua kikuu. CT huonyesha kwamba tawi la hewa na mshipa wake ni vyembamba mno, au havikuumbika kabisa.

Ya sita ni mishipa ya damu iliyounganika moja kwa moja bila kupitia kwenye vijishipa vya kuchuja. Hapo damu iliyoganda, au vijidudu, huweza kupita hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi au jipu. Kasoro hii nayo huonekana vizuri kwa CT, na wataalamu huweza kuiziba kwa kupitisha mrija ndani ya mshipa bila kukipasua kifua.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Ingekuwa makosa makubwa msomaji akimaliza makala haya na kuamua kwamba ndugu yake anayekohoa hana kifua kikuu. Kasoro tunazozieleza ni chache. Kifua kikuu ni kingi. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na njia zilizotumika hapa kwa msaada wa daktari Karel Styblo zikawa mfano kwa nchi nyingine duniani. Dawa zake hutolewa bila malipo. Asiyepimwa makohozi asikimbilie CT.

Yako pia magonjwa mengine yanayoacha kivuli kifuani. Wafugaji wanaoishi karibu na mbwa huweza kuambukizwa mnyoo unaojenga kifuko cha maji katika ini au pafu. Ugonjwa huo unajulikana sana huko Turkana, nchini Kenya. Wachimbaji wa Mererani, katika mkoa huohuo wa Manyara, huvuta vumbi la mawe ambalo hukaza mapafu. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na madirisha huwaumiza akina mama. Saratani nayo haina budi kukumbukwa. CT humsaidia daktari kuyatenganisha haya, lakini haimalizi kazi peke yake. Pafu lililoharibiwa na kifua kikuu cha zamani huweza kufanana na pafu lenye kasoro ya kuzaliwa, na pengine hulazimu kutazama ndani ya njia ya hewa kwa kamera au kuchukua kipande cha nyama kupima. Mashine huona, binadamu ndiye anayeamua.

Wenyeji wa Mbulu wana ushahidi wao wenyewe wa manufaa ya kipimo hiki, ingawa ni katika kiungo kingine. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa wilayani humo mwaka 1955, ilihudumia watu wengi wenye kifafa ambao jamii iliwaogopa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwachunguza wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo kwa CT ya kichwa. Ilionekana kwamba karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za mnyoo wa nguruwe uliojificha katika ubongo. Yaliyosemwa kuwa mashetani yakapata jina, na chenye jina huweza kutafutiwa dawa na kinga.

SAFARI YA KWENDA KUPIMWA

Kwa miaka mingi CT ilipatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Mtu wa Hanang alilazimika kufikiria Moshi, kwenye Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, au Muhimbili, Dar es Salaam. Hali imebadilika. Fedha zilizopatikana mwaka 2021 wakati wa maradhi ya korona zilitumika, miongoni mwa mambo mengine, kununulia mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kabla ya kupanda basi, basi, uliza kwanza karibu: Haydom, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Babati, au ya mkoa wa jirani. Uliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, bei yake ni kiasi gani, na kama bima ya mgonjwa inalipia. Simu moja inaweza kuokoa nauli ya watu wawili.

Mgonjwa asiogope. Mashine haiumi wala haimgusi. Ataambiwa avute pumzi aishikilie, na atulie. Dawa ya kung'arisha mishipa ikitumika, atasikia joto mwilini kwa dakika chache. Lakini ni lazima aeleze mapema kama ana ugonjwa wa figo, kama ana pumu, au kama amewahi kudhuriwa na dawa ya namna hiyo. Mama mwenye mimba, au anayedhani kwamba anayo, aseme kabla. Kumbuka pia kwamba mionzi ya CT ya kifua ni mara kadhaa makumi ya ile ya eksirei moja. Kwa mwenye sababu ya kweli faida yake huzidi hatari. Kwa asiye na sababu, kupima kwa kujifurahisha ni kujiongezea mionzi ya bure.

BAADA YA MAJIBU

Majibu yakionyesha kasoro ya kuzaliwa nayo, si lazima kisu kifuate. Asiye na dalili huweza kufuatiliwa tu. Anayeshikwa na kichomi kila mara au anayekohoa damu huweza kushauriwa kuondolewa sehemu yenye kasoro, na kwa kuwa sehemu hiyo haikuwa ikifanya kazi ya maana, wengi hupumua vizuri baadaye. Upasuaji huo ni wa wataalamu wa kifua katika hospitali kubwa, na sio wa kuharakishwa kila mahali.

Faida nyingine haionekani kwenye picha. Mgonjwa hatamezeshwa tena dawa za kifua kikuu asichokuwa nacho. Kikombe chake kitarudi pamoja na vikombe vya wenzake, kwa kuwa kasoro ya kuzaliwa nayo haiambukizi. Watoto wataruhusiwa kulala karibu na baba yao, na shangazi atapata jibu ambalo halimtaji jirani yeyote.

JUKUMU LAKO

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyeko mjini unaweza kufanya mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, uliza kwa makini. Kichomi hicho kilianza lini? Kimerudi mara ngapi? Je, huwa upande uleule? Andika majibu, kwa maana mgonjwa aliye mbele ya daktari husahau nusu ya mambo.

Pili, hakikisha kwamba makohozi yamepimwa, na kwa kipimo kipya cha vinasaba kinapopatikana, mbali na darubini.

Tatu, kama dawa zimekwisha kunywewa kwa ukamilifu na kivuli hakikuondoka, mwombe daktari kwa adabu aeleze kama mgonjwa anastahili CT. Kuuliza si kumdharau daktari.

Nne, na hili ndilo husahauliwa sana, tunza picha za zamani. Nyumba nyingi huhifadhi hati ya shamba na cheti cha ubatizo au cha ndoa, lakini picha ya eksirei hutupwa, au hugeuzwa kichezeo cha watoto. Kwa mtaalamu, picha ya miaka kumi iliyopita huweza kuwa na thamani kuliko dawa. Kivuli kilichokuja mwaka huu kina maana moja. Kivuli ambacho hakikuhama wala kukua tangu mgonjwa alipokuwa kijana kina maana nyingine. Ziweke mahali pakavu ndani ya bahasha, andika tarehe juu yake, na siku ya safari ya hospitali ziwe kitu cha kwanza kutiwa mfukoni, kabla ya nauli.